Ugo Mmoja kwa Mashamba Mawili

Katika miaka ya hamsini kazi yangu ilikuwa kuyatembelea makanisa madogo ya bara, nyuma ya Msambweni, na kuyakagua mashamba yao. Kila kanisa lilikuwa na shamba la pamoja la kumlisha mwalimu wake wa dini na kuwasaidia wajane. Nilikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa Rabai, na nilikwenda na jembe langu begani. Mgeni mwenye jembe hapigiwi hotuba. Huonyeshwa kazi.

Asubuhi moja nilifika kanisa lililo karibu na vilima nikawakuta akina mama wamekaa ukingoni mwa shamba. Usiku nguruwe mwitu walikuwa wameingia. Mihogo iliyokaribia kuvunwa ilikuwa imefukuliwa, ikatafunwa nusu na kutupwa.

"Tumechoka, dada," aliniambia kiongozi wao, mjane mmoja mrefu. "Mwambie mchungaji shamba hili limetushinda."

"Sitamwambia hivyo," nilijibu. "Jirani yenu je? Kwake hawaingii?"

Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Ng'ambo ya kijia lilikuwapo shamba la Mdigo mmoja, Mwislamu, mtu mzima. Nilivuka nikamkuta ameinama, anaokota mihogo iliyoharibiwa kama ile yetu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mambo yenyewe ndiyo haya unayoyaona."

Nilimuuliza mbona hajazungushia ugo. Akasema wanawe wako Shimoni wanavua, na yeye na mkewe hawawezi kulizungushia shamba zima peke yao.

"Nyinyi watu mnao, miti hamna," akasema. "Mimi miti ninayo, kichaka kizima kule nyuma. Watu ndio sina."

Basi nilirudi na shauri langu: ugo mmoja, mashamba yote mawili ndani. Mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amewasili wakati ule, alikataa papo hapo.

"Shamba la Bwana lichanganywe na la mtu asiyesali kwetu? Watu watasemaje?"

"Baba, nguruwe hawaulizi mtu anasali wapi," nilimwambia.

Akina mama waliangua kicheko. Yule mjane akainuka, akajipangusa mchanga, akaufunga vizuri mtandio wake. Hapo nilijua ugo utajengwa.

Sikuondoka mpaka ulipokwisha. Wanaume walikata miti na kuichimbia karibu karibu, akina mama wakaburuta matawi ya miiba, nami nilisimamia kulazwa kwa magogo chini kabisa, pale nguruwe hupenda kupenyeza pua. Ijumaa adhuhuri kazi ilisimama kwa ajili ya jirani, na Jumapili kwa ajili yetu. Nje ya ugo, kwenye njia ya nguruwe, tulichimba shimo tukalifunika kwa majani.

Tukaamka siku moja nguruwe mkubwa yumo shimoni. Vijana wakamuua kwa mikuki, kisha wote wakamtazama jirani, maana njia fupi ya kwenda kijijini ilipita kisimani kwake.

"Nyama ni yenu, kuleni kwa raha zenu," alisema kwa utulivu. "Ila nawaomba msimpitishe kisimani."

Mzee wa kanisa ndiye aliyejibu. "Hata karibu na kisima hatutafika." Akatangulia mwenyewe, akawazungusha wabebaji kwenye korongo lenye miiba, jua kali, wakafika kijijini wamechanika miguu. Akaamuru pia nyama ipikwe mbali, upande ambao upepo hautapeleka harufu kwa jirani. Mimi niliyekuwa nimebishana naye nilimpa mkono.

Nguruwe walirudi mara kadhaa, wakanusanusa, wakaenda zao. Mihogo ilikomaa. Siku ya shukrani ya mavuno nilikuwapo, na jirani alikuja na mkewe wakiwa na kapu limejaa mihogo kwa ajili ya wajane. Hawakuingia. Walisimama nje, chini ya makuti ya paa, huku sisi tukiimba. Mzee wa kanisa aliacha wimbo katikati, akachukua kiti chake cha mbele na kukitoa nje, kisha akarudi kuchukua cha pili.

Msimu uliofuata tuliusogeza ugo mbele, tukapanda na mahindi.