Mazoezi ya Safari ya Kashi

Ipo siku moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu: siku niliyosahau chakula cha bibi yangu barazani kwa sababu ya kuogopa kukisahau. Jana uliponiletea yale mapera ukanikuta nayanusa tu na kuyarudisha kikapuni, uliuliza kama yana kasoro. Hayana kasoro. Kaa hapa nikusimulie, maana mapera yale na siku ile ni habari moja.

Nilikuwa na umri kama wako, miaka ya sabini, na lami ilikuwa haijafika Karatu. Baba yangu alikuwa na duka la kanga, chumvi, sabuni na majembe, na nyuma ya duka ndiko tulikoishi: baba, mama, mimi, na bibi yangu mzaa baba. Tulimwita Ba, kama Wagujarati wengi wanavyowaita bibi zao. Ba aliletwa Karatu akiwa bi arusi, akajifunza Kiiraqw kwa kuwauzia akina mama kanga, akakijua kuliko alivyokijua Kiswahili. Maisha yake yote alikuwa na haja moja, kwenda Kashi. Kashi ni mji wa mahekalu kule Uhindini, kando ya mto Ganga, na Mhindu anayeoga katika mto ule huamini kwamba ameoshwa dhambi zake.

Wakati ninaosimulia, macho ya Ba yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitalini. Hakulalamika. Alisema tu, “Nataka kuuona ule mto. Sitaki kusimama ndani yake halafu nisimuliwe.”

Kuipanga safari nilikabidhiwa mimi. Shule nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari, na ramani nilijifunza kwenye atlasi kuukuu aliyoniachia mwalimu mmoja. Nyumbani hakuna mwingine aliyeweza kusoma mambo ya meli na treni. Basi wote wakaningoja mimi.

Nikueleze tabia yangu bila kuficha. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, nikaenda kitandani, nikarudi kuutikisa, nikaenda tena kitandani, nikalala nikiuwaza. Mpaka leo niko hivyo kidogo, umeniona. Kwa mtu kama mimi, kupanga safari ya kutoka Karatu hadi Arusha, Arusha hadi Dar es Salaam, Dar hadi Bombay kwa meli, na Bombay hadi Kashi kwa treni, kulikuwa kama kupewa milango elfu ya kutikisa. Niliiahirisha mara mbili. Kwanza nikasema tutafika wakati wa joto kali. Mara ya pili nilisikia uvumi wa kipindupindu, na kabla ya kuuliza kama ni kweli nikawa nimekwisha kumwambia baba haifai. Nilijiambia ninatumia busara. Ilikuwa hofu tu. Na kila nilipoahirisha, ukungu uliongezeka machoni mwa Ba.

Kilichonisumbua zaidi ni chakula. Ba hakula kitu chochote kilichopikwa nje ya jiko letu, wala kilichopita katika sufuria iliyowahi kupikiwa nyama. Hata kitunguu alikuwa hali. Nikapanga tubebe chapati nyembamba za uwatu, ambazo hukaa siku nyingi bila kuharibika, pamoja na maji ya nyumbani na chombo chake cha shaba cha kunywea. Katika mpango wangu Ba angetoka Karatu mpaka Kashi bila kupokea kitu mkononi mwa mtu yeyote. Niliona fahari sana kwa mpango huo.

Hata hivyo sikutosheka. Nikasema kwanza tufanye mazoezi. Ba apande lori letu la mizigo mpaka juu Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, kwenye baridi kali kuliko mahali popote tulipopajua, ale chakula cha safari, arudi jioni, tuone kama mwili wake unaweza.

Baba alifikiri kidogo, akasema, “Vizuri. Akienda akarudi salama, nitakata tiketi. Akirudi anaumwa, habari ya Kashi iishe hapo. Mama yangu ni mmoja.”

Sikuwa nimekusudia yawe mtihani wa namna hiyo, lakini sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo.

Dereva wetu, Tluway, kijana wa Rhotia, alicheka mpaka akashika usukani. “Dada, mazoezi ya kwaya nayajua. Ya gwaride nayajua. Leo ndiyo nasikia mazoezi ya kwenda kuhiji!”

“Wewe endesha,” nikamwambia. “Leo wewe ni treni.”

“Basi abiria wajue, treni hii haina tairi la akiba.”

Kabla ya kuondoka nilikagua mfuko. Bati la chapati lilikuwemo. Tukapakia, nikakagua tena, limo. Tluway alipowasha gari, nikashuka na mfuko, nikalitoa bati, nikalifungua, nikahesabu chapati, nikalifunga, nikaliweka barazani ili nikaze kamba za mfuko vizuri. Nimekwisha kukuambia lilikobaki.

Tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa umeifunika kreta yote, huoni hata majani ya bondeni. Ba alishuka, akajifunga shali, akatazama ule weupe mbele yetu. “Hapa ndipo macho yangu na yenu yanalingana,” akasema, akafurahi kweli kweli. Nikafungua mfuko nimpe chakula. Nilipoona hakuna bati nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Tluway alidhani nimeumwa na nyoka.

Ba aliponielewa alicheka. Mimi nililia. Nikasema turudi upesi, na tulipokuwa tukirudi mvua ikatushika msituni, udongo mwekundu ukawa kama sabuni, na chini kidogo ya lango la msitu lori likateleza polepole, kwa adabu kabisa, likaingia mtaroni likalala upande. Hakuna aliyeumia. Lakini hapakuwa na gari jingine njiani, na jua lilikuwa linaondoka.

Mama mmoja alitoka kwenye nyumba iliyokuwa juu ya barabara, amejifunika gunia kichwani kwa mvua. Jina lake Mama Bura. Hatukuwa tumewahi kuonana. Hakuuliza sisi ni nani. Alimshika Ba mkono, akaanza kupanda naye kilima, na Ba alipomsalimu kwa Kiiraqw, Mama Bura alisimama palepale kwenye mvua akashangaa.

“Huyu Mhindi amezaliwa wapi?” alimuuliza Tluway.

“Muulize mwenyewe,” Tluway akajibu. “Anakijua kuliko mimi.”

Ndani kulikuwa na moto, na juu ya moto sufuria ya nyama. Harufu ilijaa nyumba nzima. Mama Bura akaanza kusafisha sahani za wageni, na mimi nikaanza kupiga hesabu. Ba hajala tangu asubuhi. Akikataa, tutamtukana mwenye nyumba. Akikubali, nitakuwa nimemvunjia mwiko alioutunza maisha yake yote, kwa sababu ya bati. Na akirudi nyumbani mgonjwa wa njaa na baridi, Kashi imekwisha. Nikafungua mdomo nimwombe radhi Mama Bura, nikaongea maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu kuhusu tumbo la Ba.

Ba akaniambia kwa lugha yetu, “Nyamaza kidogo.” Kisha akamgeukia Mama Bura. “Dada, mimi nyama sili. Dini yangu. Na kilichopikwa katika sufuria ya nyama sili. Una viazi vitamu?”

“Viazi? Viazi nina gunia!”

“Nichomee kwenye majivu.”

“Viazi vya majivuni? Hivyo ni chakula cha watoto wa kuchunga. Nitampaje mgeni?”

“Nipe tu. Nami nilikuwa mtoto, ingawa huniamini.”

Mama Bura akacheka, akavifukia viazi majivuni. Ba akanyoosha mkono, akanitaka chombo chake cha shaba, kitu pekee cha mpango wangu kilichokuwa kimesalia. Akampa Mama Bura, naye akaenda nacho zizini, akarudi nacho kina maziwa yenye povu, ya ng'ombe moja kwa moja, hayajagusa sufuria ya mtu. Ba akamenya kiazi, akala. Akamenya cha pili. Sijawahi kumwona akila hivyo nyumbani.

“Sasa niambie,” Mama Bura akasema, “wazee tunakaa ndani wakati wa mvua. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?”

“Kashi. Leo ni mazoezi.”

“Kashi ni mbali kupita Dar?”

“Mbali sana. Unavuka bahari.”

“Kuna nini?”

“Mto.”

“Mto!” Mama Bura akapiga makofi. “Unavuka bahari yote hiyo, maji mengi hivyo, kutafuta mto?”

“Huo unaosha dhambi.”

Mama Bura, ambaye rozari yake ilining'inia ukutani juu ya kitanda, alifikiri kwa makini kabisa. “Basi ukienda nibebee na zangu.”

“Nitabeba. Lakini ziwe nyepesi, maana mjukuu wangu amepima mizigo yote.”

Wakacheka wale wawili, Tluway akacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi hayajakauka.

Baadaye, tulipokuwa tumekaa karibu na moto na Mama Bura ametoka kufunga ndama, Ba aliniambia maneno ambayo ndiyo nilitaka uyasikie leo. Hakupaza sauti. Alisema, “Mjukuu wangu, umeandaa safari nzuri sana, lakini umeiandaa kana kwamba njiani hakuna watu. Umeweka chapati, maji, tarehe. Huyu mama umemweka wapi? Unadhani Mungu amejaza watu hapa Ngorongoro tu, halafu huko mbele akaacha njia tupu?”

Nikausogeza ukuni motoni.

“Na jambo jingine,” akasema. “Kila unapotaka kuwa na hakika, mimi ndiye ninayelipa. Ninalipa kwa macho.”

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu aliyasema huku akinivika nusu ya shali yake.

Asubuhi wanaume wa jirani walikuja na kamba na majembe, wakalitoa lori. Tulifika Karatu tumejaa matope mpaka kwenye nyusi. Baba alikuwa amesimama barabarani, hakuwa amelala, na karibu naye juu ya baraza bati la chapati lilikuwa palepale. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa.

“Mama! Umelala wapi? Umekula nini?”

“Nimelala kwa rafiki yangu,” Ba akajibu, akishuka taratibu. “Nimekula viazi. Kata tiketi.”

Baba akanigeukia mimi. Sasa hapo, mwanangu, ndipo jambo lote liliposimama. Mpangaji nilikuwa mimi. Ningesema mazoezi yameshindwa, baba angeniamini, na kwa hesabu ya mpango wangu yalikuwa yameshindwa kabisa: chakula kilibaki, gari lilianguka, siku moja ikawa mbili. Nilikuwa sijui bado tutakula nini tukifika Bombay, wala nani atatupokea, wala kama treni itakuwa na nafasi.

“Mazoezi yamekwenda vizuri,” nikasema. “Twende mwaka huu.”

Tukaenda, Ba na mimi. Sitakusimulia njia yote. Yaliharibika mengi ambayo sikuwa nimeyawaza, na niliyoyawaza kwa miezi hayakutokea hata moja. Chapati ziliota ukungu kabla hatujafika Bombay. Melini mama mmoja wa Tabora alimpa Ba ndizi kila asubuhi. Kwenye treni familia nzima ilisogea ili alale. Kila mara Ba alinigusa kiwiko.

Tulipoingia mtoni, alfajiri, nilimshika kiuno. Nikamuuliza kama anaona. Akasema, “Naona kunang'aa. Inatosha.” Lakini sikufichi: ningempeleka mara ile ya kwanza, angeona na mahekalu, na mashua, na taa ndogo zinazoelea. Hilo nimeishi nalo. Silii tena kwa ajili yake, ila silisahau.

Sasa, kuna desturi. Anayekwenda Kashi huacha huko chakula kimoja anachokipenda, asikile tena mpaka kufa. Ba aliacha biringanya bila kusita. Mimi nikasimama majini nawaza. Kitu kidogo mno kitakuwa udanganyifu. Kikubwa mno kitanishinda. Nikapima maembe, nikapima maziwa, watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika.

“Mjukuu wangu,” Ba akasema, meno yakimgongana, “maji ni ya baridi. Chagua.”

“Mapera!” nikasema.

Basi yakawa mapera. Miaka mingi nimejiuliza kama nilichagua sawa. Kila msimu yanapoiva nyuma ya nyumba hii nayanusa, nawapa watoto, na moyo wangu unatulia. Yule Mama Bura tulimletea maji ya Ganga katika kichupa cha shaba kilichozibwa, akakiweka chini ya rozari yake. Akamuuliza Ba kama dhambi zake zimefika salama. Ba akamwambia zimefika, ila zile mbili kubwa ndizo zilizompa shida forodhani.

Nimekwambia haya, mwanangu, kwa sababu nakuona. Nakuona unavyoirudiarudia ile safari yako ya masomo, unavyosema bado kidogo, bado kidogo, mpaka mama yako hathubutu kukuuliza. Panga, sikukatazi. Kaza kamba za mfuko. Lakini ukiisha kupanga mara moja, ondoka, na katika mpango wako acha nafasi ya watu usiowajua, maana huko uendako wapo, na wao ndio watakaokulisha bati litakapobaki nyumbani. Usimfanye anayekupenda alipe kwa sababu wewe unatafuta hakika. Na ukisimama mahali ambapo lazima uchague, na maji ni ya baridi, na watu wanangoja, taja moja utoke.

Mungu akufungulie njia, akuwekee kando yake moto uliowashwa na mkono usioujua, na ukirudi, macho ya mama yako yakuone vizuri. Haya, beba kikapu. Kula mapera yote, na moja ulile kwa niaba yangu.