Ujia wa Watu wa Mji

Wenzangu mliokulia mtaa wa Ghulail, Jeddah, mtaujua mara moja mwaka ninaousema: ni ule tuliokula kuku wa barafu mpaka tukadhani tutaota mabawa. Kabla yake kuku alikuwa kiumbe. Anafukuzwa uani, anapiga kelele, anachinjwa, na jirani anajua kwenu leo mna mgeni. Mwaka ule mafuta yalipanda bei, meli zikajaa Jeddah hata zikakosa pa kutia nanga, na kuku akaja amevaa nailoni, mgumu kama jiwe la kusugulia miguu. Mama alimgonga kwa kijiko, akamnusa, akasema, "Huyu hata hajui kama amekufa." Akamtia tangawizi na thumu na ndimu, tukamla. Tukala na tufaha, tukala na jibini la pembetatu lililofungwa karatasi ya kumetameta, na karatasi zile tukazibandika kwenye meno, tukachekeana vichochoroni kama matajiri.

Enzi zetu hizo, mtoto alilelewa na kichochoro. Mchana tunacheza mdako kizingitini, tunarusha kete na kuzidaka mpaka vidole vinaota sugu. Alasiri rede, kwa mpira wa soksi uliotiwa matambara. Mtoto wa leo ukimpa soksi atakuuliza inachajiwa wapi. Walikuwapo watoto wa Kihausa, wa Kiyemeni, na sisi tuliotoka kwa watu wa Unguja, wazee wetu waliohama baada ya mapinduzi. Sisi wenyewe tulizaliwa hapo hapo Jeddah. Lakini ikama, ile ruhusa ya kukaa, ilikuwa ya mgeni, imekaa mfukoni mwa baba, na kila akipita askari baba alikuwa akiupapasa mfuko ule kama mtu mwenye kipele. Skuli wenzetu wakituuliza, "Kwenu wapi?" Tukisema Jeddah wanacheka. "Jeddah tunaijua. Kwenu wapi?"

Mimi sikupata jawabu la swali hilo. Nusura nilipate mwaka ule wa kuku wa barafu.

Mama alikuwa akishona katika jumba moja Al-Hamra, mtaa wa wenye nazo, kwa bibi mmoja wa Kigiriki tuliyemwita Madam Eleni. Mumewe alikuwa mhandisi, amekuja kama walivyokuja wote, kwa ajili ya fedha ya mafuta. Madam alizaliwa Iskandaria, Kiarabu chake cha Misri kitupu, anavuta sigara kama bomba la meli na anacheka kwa mabega. Skuli zikifungwa mama alinichukua mimi na rafiki yangu Rukia, mtoto wa mlango wa pili, tumsaidie kuokota pini. Tuliingilia jikoni, kila siku, kupitia ujia mwembamba kando ya nyumba wenye kamba za nguo na mtungi wa gesi. Ubavu wa pili wa nyumba ulikuwapo ujia mwingine, mpana, wenye maua, unaotoka lango kubwa la barabarani. Huko tulikuwa tunachungulia tu.

Siku hiyo tulichoka pini. Tukatoka uani, tukajipanga kama tulivyoona harusini, tukaanza kuimba na kutembea kwa madaha, mabega hivi, mabega vile. Madam akatokea na sigara yake. Tukajua leo tutatiwa adabu. Akapiga makofi. "Nawataka nyinyi! Na wenzenu wote mlionao, waleteni!"

Alikuwa anataka kuwafanyia rafiki zake mchezo wa kuigiza hapo uani, wanawake watupu, kama walivyokuwa wakiigiza watu wa kwao zamani za zamani. Akatukalisha kwenye ngazi akatueleza, na mimi niliyeishia darasa la sita nimesahau hesabu zote, lakini hayo sijayasahau. Kwao mchezo ulichezwa kweupe, juu mbingu tu, watu wamekaa kwenye ngazi za mawe ubavuni mwa kilima. Chini kiwanja cha duara. Nyuma ya kiwanja nyumba ya mfalme, na mlango wake mkubwa katikati. Na pembeni, huku na huku, njia mbili za wazi. Anayeingilia njia hii watazamaji wanajua kabla hajafungua mdomo: huyu mtu wa mji, katoka sokoni. Anayeingilia ile: huyu mgeni, katoka mbali. Halafu kuna kundi la waimbaji. Hao wanaingia kwa ujia mistari imenyooka, mpiga zumari yumo nao, wanaimba huku wanatembea. Wakishaingia hawatoki mpaka mchezo uishe. Wafalme wanakuja na kuondoka. Wao wapo, wanaona kila kitu.

"Kama sisi harusini," Rukia akaninong'oneza, "ila sisi tunapewa pilau."

Hadithi Madam aliitunga mwenyewe: kisima cha mji kimekauka, na wanawake wa mji wanakwenda mlangoni kwa malkia kumuuliza maji yamekwenda wapi. Sisi tuliokuwa tukilisubiri gari la maji Ghulail na madumu yetu juani hatukuhitaji kufundishwa kukunja uso. Malkia alikuwa binti yake Madam. Mjumbe wa kutoka mbali alikuwa rafiki wa binti yake, msichana mwenye viatu vya kumeremeta.

Mimi ndiye niliyewekwa mbele ya kundi. Nikamuuliza Madam tunaingilia wapi, na kabla hajajibu nikanyoosha kidole kwenye ujia wa jikoni, maana ndio niliokuwa nikiujua.

"La, binti yangu," akasema. "Huko ataingilia mjumbe, yeye ndiye mgeni. Nyinyi mtaingilia huku, langoni. Nyinyi ndio watu wa mji."

Jamani. Rukia alinibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Tulifanya mazoezi kichochoroni kwetu. Watoto wa Kihausa wakaja, wa Kiyemeni wakaja, mwanamke muuza njugu akaacha sinia lake akawa anatupigia makofi ya mwendo. Mama alitushonea mavazi kwa mashuka meupe, akatutembeza yeye mwenyewe, juu na chini, na akiingia ndani anapiga kelele toka dirishani: "Zuwena, usiangalie miguu! Miguu haijaibiwa. Tembea kama una kwenu!" Nilitembea hivyo dukani. Nilitembea hivyo msalani. Baba akasema mtoto huyu kapata maradhi ya shingo.

Siku ikafika. Tulibebwa kwa pikapu la jirani, mashuka yetu yamepigwa pasi, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika. Mama alivaa nguo yake ya Idi na akajitia udi, maana Madam alimwambia kwa mdomo wake: na wewe uje ukae, uwatazame watoto wako. Tukateremka kwenye lango kubwa. Na kwenye ule ujia mpana wa maua tukakuta meza. Meza toka mwanzo hadi mwisho: mwanakondoo mzima kwenye wali, keki kama minara, na mabibi wakubwa waliotangulia wamesimama hapo na sahani zao, dhahabu inagongana.

Madam akaja mbio, jasho linamtoka. "Umm Zuwena, wapitishe watoto kule jikoni. Huku pamejaa."

Mama hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. "Wao ni wa upande huu, madam. Umesema mwenyewe."

"Najua, najua, lakini wageni ndio hawa wanakula. Nitawaambiaje wasogee? Ni mlango tu, mpenzi. Watapita kwa jikoni, wataimba vile vile."

"Kwa jikoni hatuingii," mama akasema. "Tumealikwa."

"Umm Zuwena! Si unapita huko kila siku?"

"Kila siku naja kazini."

Madam aliwatazama wageni, akatutazama sisi, mkono mmoja umeshika shanga zake. Bibi mmoja akamwita kutoka mezani, akitaka kujua wale watoto wa mashuka ni nani. Madam akasema kwa sauti ndogo, "Nakuomba." Nami nikamvuta mama nguo. Nikamwambia, mama, mimi nitapita, hainidhuru, mama twende. Sikumbuki kama nililia kabla au baada. Mama alinishika kichwa akakibana ubavuni kwake, kwenye harufu ya udi, na akarudia vile vile, hakuongeza wala hakupunguza: "Kwa jikoni hatuingii. Tumealikwa."

Tukaondoka. Pikapu lilikuwa limeshakwenda, tukatembea kutafuta gari, kundi zima la mashuka meupe kando ya bahari ya Al-Hamra, magari yanatupigia honi. Rukia alianza kuimba ule wimbo wa kuingilia, kwa kiburi, halafu akanyamaza. Baadaye tulisikia kwamba mchezo ulifanyika. Malkia alitoka mlangoni kwake akasema maneno yote ya kuwajibu wanawake wa mji, na mahali petu uani hapakuwa na mtu.

Usiku tulikula kuku wa barafu.

Jumamosi mama alikwenda kazini, akapitia jikoni kama kawaida, akashona. Madam alimletea kopo la halua na kumwambia mwaka ujao tutafanya tena, na meza wataziweka barazani. Mwaka uliofuata mkataba wa mumewe ulikwisha, wakaondoka. Jumba likavunjwa, likajengwa jengo refu la vioo. Mama naye kaondoka, Mungu amrehemu, na hakuna siku aliyosema kama alijuta. Mimi nimejuta kwa niaba yake. Nimejuta nikiwa bibi harusi, nikiwa mama, nikiwa bibi. Nimekuwa nikisema moyoni: meza ile ingesogezwa hatua chache tu. Na nimekuwa nikisema pia: mama angelegeza shingo siku moja tu, ningeingia. Ningekuwa ndani mpaka mwisho, naona kila kitu.

Sasa nakaa Riyadh kwa mwanangu, na mjukuu wangu Salma yumo katika kikundi cha maigizo. Ndiyo, siku hizi yapo, wasichana wanacheza jukwaani na baba zao wamekaa mbele wanapiga picha. Nilipomsimulia habari ya njia mbili alinihurumia. "Bibi, siku hizi hakuna njia. Tunaingilia popote. Mwenzetu mmoja anateremshwa toka juu kwa kamba." Nikamuuliza, sasa watu watajuaje mmetoka wapi? Akasema imeandikwa kwenye simu, mtu anasoma kabla. Haya. Sisi tulitembea wiki nzima tujulikane kwa shingo. Wao wanatiwa moshi wa mashine mpaka huoni kama anayeingia ni mtu au ni mbuzi. Lakini mtoto anaimba. Anatembea vizuri. Mwendo huo nilimfundisha mimi, kwenye zulia la sebuleni, kwa yale yale maneno ya mama.

Wiki iliyopita lilikuwa onyesho lake. Aliniomba nije na Rukia, ambaye bado yuko Jeddah na bado anapiga kelele. Akapanda ndege kwa ajili hiyo. Salma alisema yeye yuko mstari wa mbele wa kundi, na akiingia ataniangalia. Nikamwahidi. Nikajiapia kwamba safari hii hata wakinipitisha dirishani nitapita.

Tukafika tumejitia udi. Mbele ya jengo ngazi, ngazi tupu, zinapanda kama za kwenda mbinguni, na magoti yangu mnayajua. Lifti imeharibika. Akaja binti mmoja wa pale, mpole, ana kidude sikioni, akanishika mkono. "Hajja, njooni na mimi upande wa nyuma. Tutapita jikoni kwa mgahawa, hakuna ngazi hata moja. Yalla, twende, wameshaanza."

Walikuwa wameshaanza kweli. Ngoma niliisikia kutoka ndani. Ulikuwa mwendo wa kuingilia, na nilijua mjukuu wangu anaingia sasa hivi, shingo imenyooka, ananitafuta kwa macho. Rukia alinitazama.

Nikafungua mdomo nimwambie binti, haya mwanangu, twende.

"Kwa jikoni hatuingii," nikasema. "Tumealikwa."