Uzi wa nyavu kwenye viti vya basi, Sumbawanga enzi za Ujamaa

Wakuu, habari za humu.

Nimeona vijana mnalalamika viti vya gari mnavyoshonesha vinafumuka mapema, nikaona nami nichangie. Mimi ni mama mtu mzima, sina cha kupata kwa kuwadanganya. Haya yamenikuta mwenyewe.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nashona nguo kwenye baraza la duka, Sumbawanga mjini. Kushona nilifundishwa na masista kule Kaengesa.

Kikaja kipindi vitambaa vikaadimika kabisa. Cherehani ikawa inakaa tu, imefunikwa.

Mume wangu, Baba Fidelisi, akasema tuiuze turudi kwao Mollo tukalime. Hakuwa mkorofi jamani, alikuwa anaona njaa inakuja. Mimi nilikuwa najificha jikoni nalia.

Sasa mwenye duka, Mzee Nassoro, alikuwa na basi la kwenda Muze, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa. Viti vimechanika mpaka sponji iko nje. Ngozi bandia nyekundu alishaipata kwa kuhangaika sana, ila fundi hakuna.

Nikamfuata, nikampa shikamoo, nikamwambia nitashona mimi, tena na urembo juu. Akafikiri, akasema nianze na kiti cha dereva.

Nikakishona kama gauni la harusi. Mishono midogo midogo, imebanana, mistari miwili ya njano kandokando ya kila kiungo. Kilipendeza balaa!

Dereva akakaa, akajinyoosha. Trrrr. Mstari mzima ukafunguka.

Niliona aibu, lakini nikakichunguza. Kumbe kilichochanika zaidi ni ngozi yenyewe! Matundu ya sindano yalikaribiana mno, ikaachia kama stempu inavyochanwa kwenye karatasi yake. Na uzi wangu wa pamba nao ulikuwa dhaifu.

Nikamwomba mzee nafasi nyingine.

Akaniambia taratibu, "Mwanangu, ngozi iliyobaki haitoshi kukosea tena."

Nikaenda sokoni kwa wauza samaki wanaopanda kutoka Muze. Wakanipatia uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kushonea nyavu. Mweupe. Nikauchemsha na binzari, ukatoka njano ya kung'aa! (Baadaye jua liliupausha, siwafichi. Kukatika haukukatika.)

Nikaweka sindano nene, nikalegeza skrubu ya kukazia uzi, mishono nikairefusha. Nyuma ya kila kiungo nikaweka utepe wa turubai kuukuu, halafu mistari miwili ya urembo ikapita juu, ikashika vyote kwa pamoja. Yaani urembo wenyewe ndio ukawa nguvu.

Viti vikaisha. Basi likashuka Muze, limejaa watu na mizigo. Mimi na Baba Fidelisi tukapanda.

Wakuu, ule mteremko wa enzi zile! Basi likirushwa, wenzangu wanashika chuma, mimi nashika mshono. Mume wangu naye nikamwona anapapasa wa kwake kimyakimya.

Tumefika Muze, nikakagua kiti kimoja kimoja. Hakuna hata uzi uliochomoza! Nilitamani kupiga vigelegele peke yangu.

Wakati wa kurudi akapanda bibi mmoja na kapu la mchele. Nafasi ipo, lakini amesimama tu. Tukamkaribisha akae, akasema miguu yake ina vumbi, atachafua kiti cha watu.

Baba Fidelisi akainuka, akamshikia kapu.

"Kaa tu, bibi. Ameshona mke wangu hiki, hakichaniki."

Nikageukia dirishani, machozi yananitoka. Habari ya kuuza cherehani sikuisikia tena, na viti vya magari nimeshona mpaka macho yaliponigomea.

Nilichojifunza: kwenye ngozi bandia, mshono kubanana si uimara. Refusha, weka utepe nyuma, tumia uzi usiooza.

Mafundi wa viti mliomo humu, siku hizi mnatumia uzi gani? Na kama kuna aliyewahi kupanda basi lile la viti vyekundu, ajitokeze tusalimiane.