Nilivyoiombea Amerika Iharibike

Jirani yangu hapa Tanga ana mazoea ya kuoka mkate wa unga wa mahindi kwa siagi, na kila ukinukia nasahau nilichokuwa nafanya. Harufu ile kwangu si ya Tanga. Ni ya Riyadh, ghorofa ya pili, mlangoni kwa Bibi Loreta, mlango uliozuiwa usijifunge kwa kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga. Katika jengo letu zima ndio mlango pekee uliokuwa ukikaa wazi.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mama muuguzi, wote wameajiriwa mahali pamoja, wakati ule ambao ilionekana kama kila mwenye cheti anaitwa Saudia. Dada na kaka zangu walibaki Tanga kwa sababu ya shule, mimi kitinda mimba nikachukuliwa. Wenzangu walinionea wivu, na laiti wangejua. Nje jua lilikuwa kali hata vyuma vya ngazi havishikiki, ndani kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa, na mama akienda zamu ananiachia maneno yale yale: "Mwanaidi, usifungulie mtu, usiwashe jiko, ukiogopa nenda kwa Bibi Loreta." Niliogopa kila siku, hata siku ambazo sikuogopa.

Bibi Loreta alikuwa Mmarekani mweusi aliyekwisha kupita sitini, mnene, mwenye sauti nzito ya kanisani, aliyewafundisha kazi wauguzi wapya. Siku ya kwanza mama alinisukuma mgongoni nikamwamkia, "Shikamoo." Akauliza ndiyo nini. Mama akamweleza kwamba mdogo humwamkia mkubwa hivyo, na mkubwa sharti aitikie marahaba. Bibi akanitaka nirudie, akaitikia, akanitaka nirudie tena. Kisha akakaa kwenye kochi, akatazama dirishani.

Baadaye, kwa Kiingereza alichokipunguza mwendo ili nimfuate, aliniambia kuwa kwao, utotoni mwake, mtoto hakuthubutu kumpita mtu mzima bila salamu. Mwanamke yeyote wa mtaani aliweza kukugombeza, na ukifika nyumbani mama yako ameshapata habari. Milango haikufungwa. "Sasa wajukuu zangu wananiita Loreta," alisema. "Loreta, kama mwenzao wa darasani. Amerika imekwisha, mtoto wangu."

Nikaikubali hoja hiyo kwa moyo wote, maana ilikuwa na faida kwangu. Mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho. Angesaini tena, ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, ingeongezwa naye angebaki. Asiposaini, angerudi kwao, nami ningebaki na kiyoyozi. Kwa hiyo nilikaa mbele ya runinga nikiwinda habari. Kimbunga kikiezua mapaa, nakimbilia ghorofa ya pili kumpasha. Kiwanda kikifungwa, nakimbia. Baba alinicheka, akasema kama ningelipwa kwa kila baya la Amerika, angeacha kazi nimlishe. Bibi Loreta naye siku moja alinishika kidevu akauliza, "Wewe unataka nchi yangu ife?" Nikamjibu kwamba hapana, nataka iharibike kidogo tu.

Mpinzani wangu alikuwa Denise, binti yake, daktari, ambaye alipiga simu ya picha karibu kila alasiri, kwao kukiwa asubuhi kabla hajaenda kazini. Nilikaa pembeni nikitafuna mkate na kusikiliza wakibishana.

"Mama, unaililia Amerika ipi?" alisema Denise siku moja. "Bibi yangu alikuzaa chumba cha chini ya ardhi, karibu na mashine za kufulia, kwa sababu mweusi hakulazwa wodi za juu. Leo mimi ndiye ninayeamua nani alale wodi ipi, hospitali ile ile. Hilo nalo ni kuharibika?"

Bibi Loreta alinikatia kipande kingine cha mkate. Kisha akauliza, "Na jirani yako wa kulia anaitwa nani?"

Denise akasema anachelewa kazini. Nilifurahi sana, nikahesabu ushindi.

Kilichonimaliza ni majivuno yangu mwenyewe. Alasiri moja Jada, mjukuu wa Bibi Loreta wa miaka mitano, alichungulia kwenye simu akauliza mimi ni nani na nafanya nini nyumbani kwa Loreta. Nilikasirika kwa lile jina. Nikajisogeza mbele ya simu, nikamwambia huku kwetu mkubwa hasemeshwi hivyo, na nikamwonyesha: nikamgeukia bibi, nikaamkia, nikaitikiwa. Jada akataka naye. Nikamsahihisha matamshi kwa ukali wa mwalimu hadi akaweza.

"Shikamoo, Bibi," alisema yule mtoto.

Bibi Loreta alifungua mdomo, marahaba isitoke. Alijaribu tena, ikatoka kwa kilio. Jada akadhani amekosea, akarudia, naye bibi akaitikia, tena na tena, huku akijifuta kwa kitambaa cha mezani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na mkate mkononi, na hakuna aliyekuwa akinitazama. Tangu siku ile Jada alileta salamu yake kila alasiri, na Amerika ikaacha kuzungumzwa kwa ubaya. Nilileta habari ya mafuriko, Bibi Loreta akasema, "Ah, maji hupungua." Nikajua hasaini.

Alipoondoka aliniachia lile kopo la mchanga. Mwaka uliofuata baba akapata kazi Jeddah, tukapanga mtaa wa Sharafiya, juu ya maduka ya simu. Wenye nyumba walituonya juu ya wezi, lakini mama akiwa zamu nililiweka kopo mlangoni, nikakaa kwenye zulia kusubiri. Watu walipita ngazini na mifuko yao, wengine wakainamisha macho kwa heshima. Mmoja, mzee wa Kiyemeni, alilisogeza kopo ndani akaufunga mlango, akidhani umesahaulika. Nililia siku hiyo kuliko siku aliyoondoka Bibi Loreta.

Nilirudi Tanga nikiwa msichana mkubwa, nikakuta rafiki zangu wameshapata marafiki wengine. Nikaanza kusema: Tanga imeharibika. Watoto hawaamkii watu, kila nyumba imezungushiwa ukuta, watu wamekuwa na roho ngumu. Nilisema hivyo dukani, msibani, popote. Watu waliniitikia kwa adabu tu, wakaendelea na shughuli zao.

Hadi jioni moja niko barazani peke yangu, binti mdogo wa jirani, huyo huyo mwoka mikate, akaja na sahani iliyofunikwa. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo, shangazi." Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijawahi kuitwa shangazi na mtoto asiye wa ukoo wetu. Nikafungua mdomo, marahaba ikachelewa. Ndipo nikaelewa Bibi Loreta alikuwa akiuliza nini siku zote zile, kwamba ni nani huko kwao atakayemwamkia kama mtu wake, na kwa nini Denise na hospitali yake, na mimi na vimbunga vyangu, hatukuweza kumjibu.

Nilimwambia yule mtoto aingie, akaingia. Siku hiyo sikuwa na neno baya hata moja la kusema juu ya Tanga.