Leseni Mbili za Garsen

Mama yangu hataki kuambiwa amezeeka, hasa na mtu anayekula kwake. Karani wa leseni pale Garsen alimwambia kibanda chake cha wali na samaki hakipati leseni tena: kitambulisho kinasema ana miaka sabini na mbili, na kanuni mpya inasema mwisho ni sabini. Mama akamkodolea macho. "Jana uliramba mchuzi wangu mpaka sahani ikang'aa. Hukuniuliza miaka."

Tukaenda Hola kwa wakili. Mama akamweleza kwamba aliyemwandikia kitambulisho alimtazama tu, akahesabu watoto, akakisia. Kwa kweli hajafika hata sitini na tano. Wakili akacheka. "Basi rahisi, mama. Turekebishe umri, upate leseni yako."

Nikamshukuru Mungu. Mama akauliza, "Na mwenzangu?"

Mwenzake ni mama wa mahamri, wa kibanda cha pili, naye alinyimwa leseni siku ileile. Yule ni mzee kweli, hana mwaka wa kurekebisha. Wameombana moto wa jiko tangu mimi sijaota meno. "Nikipita peke yangu," Mama akasema, "kesho nitamtazama kwa macho gani?"

Wallahi nilikasirika. Nikamwambia ana kichwa kigumu. Akanijibu, "Na chako ulikitoa wapi?"

Basi wakaishtaki kanuni yenyewe, wote wawili. Mwaka mzima tukawa watu wa kwenda na kurudi, na vibanda vimefungwa. Mahakamani wakili alisema ofisi ikague jiko, isikague mvi. Jaji akakubali kwamba umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu leseni. Nilipiga vigelegele mpaka askari akanifuata.

Mama wa mahamri akaitundika leseni yake ukutani, akakaanga wiki moja. Jumamosi akamletea Mama karai lake. "Dada, magoti yamekataa. Napumzika."

"Ala! Mwaka mzima tunahangaika, kumbe wataka kupumzika?"

"Nilitaka niache mwenyewe. Sikutaka kufukuzwa."

Mama, ambaye hata misibani halii, alilia mbele ya wateja, karai mkononi.

Siku hizi, kando ya wali na samaki, Mama anakaanga mahamri kwa karai hilo. Mwenzake hufika kila asubuhi, hukaa kwenye benchi la wateja, huonja hamri moja, na kusema iliki haitoshi.