Kimya Nilichokisoma Redioni

Kazi yangu ni kugeuza maneno. Tamko likitoka mji mkuu kwa Kifaransa, mimi hulitia katika Kiswahili, nalisoma asubuhi kwenye redio moja ndogo hapa Kisangani, kisha narudi nyumbani kupika. Sokoni wananijua kwa sauti. Mwuza pondu, yale majani ya muhogo, hata sijachagua fungu ameshapaza: "Ee, Mama Habari amefika!" Niliipenda sana sifa hiyo. Siku hizi nikiisikia natamani ardhi inimeze.

Nyumba yetu ilikuwa na lugha mbili. Marehemu mama alitoka katika zile familia za Kiislamu za zamani za hapa mjini, na Kiswahili kilikuwa chake. Papa ni mtu wa mto, wa upande wa Isangi, naye husali na kukasirika kwa Kilingala. Sisi mabinti wawili tulikua katikati, tukichota huku na kule. Lakini kuna neno moja ambalo wazazi wetu hawakuwahi kuelewana juu yake. Mama akisema kimya, alitaka tufunge midomo. Kwa Papa, katika Kilingala chake, kimia ni amani. Ukiandika, yametengana kwa herufi moja. Ukitamka, ni neno lile lile. Basi mama alikuwa akitufokea, "Kimya!" na Papa kule uani anaitika, "Amina!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mkono wake ulikuwa na sifa mtaa mzima. Aliolewa na mwanaume wa nchi jirani, ng'ambo ya ziwa. Papa hakumtaka. Siku ya kuondoka alimwambia mbele yetu sote: "Umechagua kule, bon, kule iko kwako. Utarudi siku mimi nitakuita." Kwetu neno la baba namna hiyo halivukwi hivi hivi. Binti hatokei tu mlangoni na mizigo yake, lazima baba amwite. Miaka ikapita, Papa akalainika, akawa anamsalimia kwenye simu na kuwauliza wajukuu, lakini neno la kumwita halikutoka. Kiburi tu. Nami ninacho, nimekirithi.

Kisha kule wakapiga kura. Mshindi akatangazwa haraka haraka, watu wakakataa, vijana wakaingia barabarani, askari wakafyatua risasi. Mtandao ukakatwa. Shemeji yangu alikuwa wakala wa chama cha upinzani katika kituo kimoja cha kura, na alikataa kutia sahihi kwenye fomu ya matokeo aliyoona imebadilishwa, akaondoka na nakala. Hayo mdogo wangu alinieleza siku ya kura yenyewe jioni, akicheka, anajivunia mumewe. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Siku ya nne tamko letu likafika mezani kwangu. Serikali yetu ilimpongeza mshindi. Iliheshimu mambo ya ndani ya nchi ndugu. Ilikuwa inafuatilia hali kwa karibu. Na ilifurahi kwamba le calme est revenu, yaani hali imetulia.

Kufuatilia kwa karibu! Tulipokuwa wasichana, majeshi mawili ya wageni yalikuja kupigana humu humu mjini kwetu, sisi tumelala chini ya kitanda siku kadhaa, mabomu yanapita juu ya bati. Papa alikuwa na redio ya betri. Ikatuambia kwamba mataifa yana wasiwasi na yanafuatilia kwa karibu. Mdogo wangu, uso umejaa vumbi, akaniuliza mimi dada yake mkubwa: "Yaya, wanatufuatilia wakiwa wapi?" Na siku zetu wenyewe za kura, mtandao ulipozimwa hapa na watu wanahesabu maiti zao, majirani walileta pongezi. Tuliwatukana majirani hao mpaka sauti zikakauka. Leo zamu yetu ya kuwa majirani imefika, na tumeandika yale yale, koma kwa koma.

Sikutaka tupeleke askari, Mungu apishe mbali, askari wa watu tumewaona. Nilitaka nchi yangu iweke kalamu chini kidogo, isipongeze mtu kabla damu haijakauka. Iulize: watu wetu walioko huko wako hai? Nani yuko jela, na kwa kosa gani? Iwafungulie mlango wa ubalozi, iwaambie wazi kwamba anayetaka kurudi arudi. Ni mambo ambayo hata jirani wa ukuta mmoja angeyafanya akisikia mwanamke analia upande wa pili. Eti mambo ya ndani! Na sisi tuliolala chini ya kitanda, tulikuwa nje?

Hayo yote niliyawaza, na sikumwambia mkubwa wangu wa kazi hata moja. Nilifanya ujanja. Pale penye calme ningeweza kuandika amani, ningeweza kuandika utulivu. Nikaandika: "Kimya kimerudi." Nikajisifu moyoni. Nikasema mwenye akili atasikia watu walivyofungwa midomo, na mkubwa wangu, ambaye ni mtu wa Kilingala, atasikia amani na hatanigusa. Nilisoma nikikaza sauti kidogo kwenye neno lile. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote. Unafiki mtupu.

Nilipofika nyumbani Papa alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, anacheka. "Umesema vizuri, mwanangu! Kimia imerudi kule! Mutoto wangu iko muzima!" Ningemweleza pale pale. Lakini mzee alikuwa hajala siku tatu, na sasa ameomba sahani ya lituma. Nikaenda jikoni kutwanga ndizi zake.

Mchana wa siku ile ile simu ikalia, namba ngeni. Alikuwa mdogo wangu. Niliweka sauti ya nje ili Papa asikie.

"Yaya," alisema, chini chini, kama mtu anayeongea ndani ya kanga. "Huku kimya. Kimya kabisa. Muulize Papa, nije ama nibaki?"

Papa akainua mikono juu. "Kimia! Si nimekuambia? Donc abaki kwa bwana yake. Mwambie abaki, mutu hakimbii nyumba yake kama kuko kimia."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipo mimi kamili. Nilijua. Mdogo wangu ana Kiswahili cha mama, na miaka ile ng'ambo ilikuwa imekinyoosha zaidi. Mtu mwenye amani haulizi kama aje. Nilijua anaomba kuitwa, na kwamba ilinipasa kumgeukia Papa niseme: si kimia yako, ni kimya cha mama, mwite mtoto haraka. Lakini kusema hivyo kulikuwa kukiri kwamba asubuhi nilimdanganya yeye na mji mzima. Alikuwa ananitazama kwa fahari.

"Papa anasema ubaki," nikasema.

"Haya," alisema. Simu ikakatika.

Aliyoyapata tuliyajua baadaye. Alipopiga simu ile mumewe alikuwa ameshachukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Siku ya tatu baada ya simu walirudi nyumbani kutafuta ile fomu. Mdogo wangu hakuwa nayo. Waliuweka mkono wake wa kulia kwenye fremu ya mlango, wakaubamiza mlango. Mume hajaonekana mpaka leo. Papa alipopata habari alimwita kwa kilio, kwa lugha zote mbili, na ilikuwa too late hata kwa lugha ya tatu.

Mdogo wangu na watoto walifika wakipitia Ubundu, wakamalizia kwa pikipiki, wamekuwa wekundu kwa vumbi. Vidole vya mkono ule havikunjiki tena. Mtoto wake wa kike ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano, yeye anaangalia ukutani.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa sebuleni sote watatu. Papa akaanza tena, kama anavyoanza kila siku. Akasema asamehewe, alisikia kimia, masikio ya mzee yalisikia kimia. Mdogo wangu akamshika goti kwa mkono ule mzima.

"Papa, wewe ulisikia kwa lugha yako. Sina neno na wewe."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Yaya? Wewe ulisikia nini?"

Papa akanitazama, hakuelewa swali. Redio ilikuwa inaendelea kuongea pembeni, nikanyoosha mkono nikaizima.

"Nilisikia kimya," nikasema.

"Haya," alisema, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu.