Maua Niliyoyapima Jioni

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka, kabla mvua za masika hazijaanza, na eda yangu ikaanza siku hiyo hiyo: miezi minne na siku kumi. Tarehe ya kutoka niliiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la maua. Hilo ndilo lililokuwa karibu na mkono.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Tindiga kukaa nami. Aliacha mpunga wake mikononi mwa wake za wanawe, na hakuficha kwamba jambo hilo linamuuma. Watu wa msiba walipokwisha kuondoka, alinieleza mipaka yangu. Chumbani, ukumbini, uani, bafuni. Mbele ya nyumba hapana, kwa sababu nyumba yetu hapa Magomeni ya Kilosa imeelekea barabara na uzio wake ni wa michongoma mifupi. Kioo kifunikwe. Mafuta ya kunukia yatolewe chumbani. Mimi nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba mjane mwenye haja ya msingi anaweza kutoka mchana. Yeye hakuwa amesoma, lakini alikuwa amekaa eda mara mbili. Sikubishana naye.

Mbele ya nyumba ndiko kulikokuwa na maua.

Sijui jina lake moja ambalo kila Mswahili analitambua. Majani ni marefu na membamba, yanafanana kwa mbali na mchaichai. Mabua yanasimama katikati, na kila ua hudumu siku moja tu. Kesho yake linaning'inia na jingine linashika zamu. Nyumbani tuliyaita maua ya siku moja. Niliyapata Mikumi, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikivunja bustani ili kupanua maegesho ya magari. Mashina yalikuwa yamerundikwa langoni bila kibandiko chochote, na mlinzi akaniambia nichukue ninayoweza kubeba. Nilipanda basi na viroba viwili. Kwa kuwa sikujua jina la aina hata moja, nilizipa namba, na kila namba nikaipa tuta lake.

Kwa miaka miwili niliandika. Namba moja, ya rangi ya chungwa, haisumbuliwi na kitu. Inatambaa chini ya udongo na kuibukia kwenye tuta lisilo lake. Namba tatu, ya waridi, hushikwa na kutu mvua zikizidi. Ukipitisha kidole juu ya jani, kinatoka na vumbi la rangi ya tofali. Namba nne ilikuja ikiwa na mashina manene, na mwaka wa pili ikawa nyembamba kama kitunguu cha majani. Nilisoma baadaye kwamba zipo aina zinazotaka baridi kali ili zipumzike, na Kilosa haina baridi ya namna hiyo. Namba sita ina petali nyingi zilizorundikana, haitoi mbegu. Namba tano, ya manjano hafifu, niliipa alama za juu kuliko zote. Na namba mbili, nyekundu iliyokolea, kila mara niliiandikia vivyo hivyo: imelegea, imelowa, haifai.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vilivyotumika, na jambo moja nililolishika ni kwamba ukitaka kulinganisha vitu, vipime kwa kipimo kimoja na wakati mmoja. Mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi mjini. Naondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo nilipima saa kumi na mbili jioni, kila siku, bila kukosa. Hata Jumapili nilishinda uani nikifua na kupika, nikayaendea maua saa yake ilipofika. Kama niliwahi kuyaona mapema, hayakuingia daftarini, na kisichoingia daftarini nilikihesabu kuwa hakipo.

Wiki chache kabla mume wangu hajafa nilimwambia kwamba mwaka mpya ukiingia nitaing'oa namba mbili. Alikuwa amekaa dirishani, kwenye kiti cha plastiki chenye mito miwili, mahali alipokuwa akishinda tangu kiharusi kimchukue upande wa kushoto. Maneno yalimtoka taratibu.

"Usiing'oe. Nzuri asubuhi."

"Daftari halisemi hivyo."

"Asubuhi daftari limo kwenye mkoba wako, linakwenda kazini."

Nilicheka. Yeye alicheka kwa nusu ya mdomo. Nikaendelea kuchambua mboga.

Sikuwahi kuing'oa. Msiba ulinitangulia. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, na mafiga ya kupikia watu yakawekwa juu ya tuta la namba mbili, kwa sababu ndipo palipokuwa tambarare na karibu na lango. Hakuna wa kulaumiwa. Moto uliwaka siku tatu. Nilipotazama kwa mara ya kwanza kupitia dirishani, niliona duara jeusi, jivu, na mawe matatu. Nilichofikiri, na nakiandika kwa sababu nilikifikiri, ni kwamba nimepunguziwa kazi.

"Wifi," alisema wifi yangu nyuma yangu, "pale penye jivu nitachomeka matembele mvua zikianza. Jivu zuri lile."

"Chomeka," nilisema.

Siku za eda zinafanana kiasi kwamba nililazimika kuziwekea alama. Nilikaa kwenye kiti cha marehemu kwa sababu chumbani hakukuwa na kiti kingine. Dirisha lina nondo tano na wavu wa mbu. Kati ya nondo ya pili na ya tatu niliona matuta yote sita. Nilijua urefu wa chumba kwa hatua, idadi ya mabati ya jirani, na ni ubao upi wa dari ulioingia maji.

"Mjane anachungulia barabara," wifi alinisuta. "Watu watasema anatafuta mwingine na kaburi halijakauka."

"Sichungulii barabara. Namwangalia namba sita."

"Namba sita ndiye nani? Ana mke?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Yeye hakuona aibu. Alikuwa mwanamke wa kusema lolote, mradi mlango umefungwa.

Jioni moja aliingia akanusa.

"Nani kajipaka marashi humu?"

"Hakuna. Ni lile la manjano la nje."

"Funga dirisha. Eda na marashi wapi na wapi."

"Sijajipaka, wifi."

"Pua yako imejipaka."

Tangu siku hiyo dirisha lilifungwa kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, mbao zake mbili zikabanwa na komeo. Nikabaki sina saa yangu ya kupimia. Hilo liliniuma kuliko kufunikiwa kioo. Miaka miwili ya kuandika ingekatika katikati kwa ajili ya harufu. Nilikaa siku mbili bila kufungua daftari. Siku ya tatu nikachora safu mpya na kuandika juu yake: saa mbili asubuhi. Niliona ni afadhali kipimo kibovu kuliko kutopima kabisa.

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimekosea tuta. Namba tano, bingwa wangu, ilikuwa imejikunja na kuning'inia. Nilisubiri. Saa sita hakuna kitu. Saa nane hakuna kitu. Kabla tu dirisha halijafungwa niliona machipukizi ya siku ile yakianza kupasuka. Lilikuwa ua la jioni. Linafunguka jua likishuka, linakesha, na asubuhi limekwisha. Nililipa alama za juu kwa sababu kila nilipofika nyumbani, lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Hapo nikakumbuka Mikumi. Mama mmoja mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, mahali mabasi yanaposimama abiria wale chakula cha mchana, aliniomba nimchagulie aina moja ya kupanda mbele ya mlango wake. Nilikuwa nimemwahidi namba tano. Nilimpigia simu.

"Usipande ile ya manjano. Mchana imelala."

"Mama, si uliniambia umepima miaka miwili?"

"Nimepima. Nimepima saa moja tu ya siku."

"Basi nipe inayoamka mchana." Nikamwambia achukue ya chungwa, namba moja, na nikakata simu nikiwa na joto usoni.

Wiki chache baadaye, pembeni mwa duara la jivu, niliona majani mawili ya kijani. Moto haukuwa umefika kwenye mizizi ya ukingoni. Niliyaandika bila kutegemea kitu. Yakawa manne, yakawa kishada, likatoka bua moja lenye machipukizi matatu.

Lilifunguka siku isiyo na mawingu. Saa moja ncha ilikuwa imepasuka. Saa mbili lilikuwa wazi kabisa, jekundu la rangi ya rosela iliyochemshwa, na kooni manjano iliyowaka kama taa. Kati ya namba zote sita hakuna lililowahi kuwa zuri kama lile. Saa sita lilikuwa bado limesimama. Saa nane kingo zilianza kulowa. Saa kumi lilikuwa kitambaa kilichosahauliwa mvuani: limelegea, limelowa. Maneno yangu yalikuwa sahihi kabisa, ila kwa saa ile.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Nondo ya pili na ya tatu. Kwa miaka miwili alikuwa amefungiwa hapa na mguu usiokwenda, na kila asubuhi hili ndilo aliloliona, na aliponiambia nilimjibu kwa daftari.

Sikumwambia wifi. Nilifikiri nina muda.

Mvua zilianza wiki ile, usiku. Asubuhi yake nilikuwa nakunja mkeka wa kuswalia niliposikia jembe. Nilikwenda dirishani. Wifi alikuwa amefunga kanga kiunoni, mzigo wa vipande vya matembele miguuni pake, na amekwisha kulima nusu ya duara. Kishada kilikuwa hatua moja mbele yake.

"Wifi, simama hapo!"

"Punguza sauti. Barabarani kuna wanaume."

"Usichimbe."

"Si ulisema chomeka?"

"Nilikosea."

"Wewe hukosei. Wewe una daftari."

Aliinua jembe. Mwendesha baiskeli mmoja alipunguza mwendo kutusikiliza. Mlango ulikuwa hatua sita kutoka kiti, na nilivyosoma mimi, ningeweza kutoka. Lakini nilijua pia kwamba nikitoka mbele ya watu kwa ajili ya maua, mwanamke huyu aliyeacha shamba lake kunilinda atarudi Tindiga siku hiyo hiyo, na ukoo wote utajua kwa nini. Nilishika nondo.

"Mdogo wako aliniambia ni nzuri asubuhi," nilisema. "Nikamjibu daftari halisemi hivyo. Alikuwa akiitazama kila siku kutoka hapa nilipo. Mimi nikamwambia haifai, na nilikuwa sijaiona ikiwa imefunguka hata siku moja."

Jembe lilibaki juu, kisha likashuka taratibu pembeni.

"Alikuwa anatazama haya?"

"Hayo hayo."

"Akiwa kwenye kiti hicho?"

"Hiki."

Aliinama, akaligeuza jani kwa kidole. Siku ile hapakuwa na ua, mvua ilikuwa imelizuia.

"Majani matupu," alisema. "Mpunga wangu unaliwa na ndege, na mimi niko Magomeni nalinda majani." Akatema mate upande. Kisha akachomeka matembele yake yote kuzunguka kishada, hakugusa hata mzizi, na alipomaliza akayasogeza yale mawe matatu ya mafiga akakizungushia ili kuku wasikifukue.

Tangu hapo kishada kiliongeza mabua, na wifi, akifagia mbele asubuhi, alikuwa akipita chini ya dirisha na kusema bila kunitazama, "Leo mawili. Andika." Wifi yangu hajui kusoma. Safu ya asubuhi kwa mwezi na nusu uliobaki ni yake zaidi kuliko yangu, kwa sababu yeye alikuwa karibu na aliona hata kutu ilipoanza kwenye majani ya chini.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja, nikaogeshwa, nikavishwa nguo mpya. Ilikuwa alasiri wifi alipofungua mlango wa mbele. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mawe matatu. Ua la siku ile lilikuwa limekwisha. Nililigusa, likaacha wekundu kwenye kidole, na sikuufuta mpaka usiku.

Kesho yake wifi aliondoka na vichipukizi vitatu vya namba mbili ndani ya gunia lililoloweshwa. Alisema ni vya kaburini kwa mdogo wake, kisha akasema kimoja atakiweka mlangoni kwake. Mimi nilirudi kazini. Asubuhi ya kwanza nilisimama langoni saa kumi na mbili na nusu. Chipukizi lilikuwa limefura, ncha imeshikamana. Nilisubiri dakika kumi, halafu nikaenda. Nyumba inategemea mshahara wangu tu, na stoo hufunguliwa na mimi.

Stoo haina dirisha. Wiki kadhaa zilipita kabla simu haijaita, saa mbili asubuhi, nikiwa kati ya mifuko ya saruji.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. La mlangoni kwangu limefunguka. La kwako?"

"Sijui. Niko kazini."

"Basi andika langu."

Nilitoa daftari kwenye mkoba, nikatafuta safu ya asubuhi, nikaandika.